Charles Lindbergh

Charles Augustus Lindbergh (Detroit, 4 Februari 1902 – Maui, 26 Agosti 1974) alikuwa rubani, mwandishi na mtetezi wa hifadhi ya mazingira kutoka nchini Marekani. Anajulikana hasa kwa kuwa mtu wa kwanza kuruka kwa ndege peke yake, bila kutua njiani, kutoka New York hadi Paris, tarehe 20 na 21 Mei 1927. Umbali wa safari hiyo ulikuwa takriban km 5,800, naye aliumaliza kwa saa 33 na nusu.

Mara nyingi hutajwa kimakosa kuwa ndiye mtu wa kwanza kuvuka bahari ya Atlantiki kwa ndege. Waingereza John Alcock na Arthur Brown waliivuka bila kutua tangu Juni 1919, lakini walitoka Newfoundland wakafikia Ireland, umbali wa takriban km 3,000. Mapya katika safari ya Lindbergh yalikuwa urefu wake, kuunganisha miji miwili mikubwa ya mabara mawili, na kwamba rubani alikuwa peke yake.

Maisha ya awali

Lindbergh alizaliwa mjini Detroit, jimbo la Michigan, lakini alikulia Little Falls, Minnesota, katika shamba lililo kando ya mto Mississippi. Baba yake, Charles August Lindbergh, alizaliwa Sweden akaletwa Marekani akiwa mtoto mchanga. Alikuwa mwanasheria, na kuanzia 1907 hadi 1917 alikuwa mbunge katika Bunge la Marekani. Alipinga nchi yake kuingia katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, msimamo uliomgharimu sana kisiasa. Mama yake, Evangeline Lodge Land, alikuwa mwalimu wa kemia. Wazazi hao walitengana mwana wao akiwa bado mdogo, hivyo alipitia shule nyingi bila kukaa sana katika shule yoyote.

Mwaka 1920 alijiunga na Chuo Kikuu cha Wisconsin kusomea uhandisi wa mitambo. Alipenda mashine kuliko vitabu, akaacha chuo mwaka 1922 na kwenda Lincoln, Nebraska, kujifunza urubani. Huko ndiko alikopanda ndege kwa mara ya kwanza, mwezi wa Aprili mwaka huohuo. Kwa muda alipata riziki kwa maonyesho ya mijini na vijijini: kuruka kwa parachuti na kutembea juu ya bawa la ndege ikiwa angani. Mwaka 1923 alinunua ndege yake ya kwanza, iliyokuwa imetumiwa na jeshi, kwa dola 500.

Mwaka 1924 aliingia katika shule ya marubani wa jeshi huko Texas. Katika wanafunzi 104 walioanza pamoja, 18 tu walihitimu Machi 1925, na Lindbergh alikuwa wa kwanza wao.

Rubani wa barua

Kuanzia Aprili 1926 Lindbergh alisafirisha barua kwa ndege kati ya St. Louis na Chicago. Kazi hiyo ilikuwa ya hatari. Ndege zilikuwa kuukuu, hazikuwa na redio, na viwanja vyenye taa vilikuwa vichache. Mara mbili katika mwaka huo petroli ilimwishia usiku katika hali mbaya ya hewa, akalazimika kuruka kwa parachuti na kuiacha ndege ianguke. Mara zote mbili alirudi kwenye mabaki ya ndege na kuziokoa barua.

Katika kazi hiyo alijifunza mambo mawili yaliyomfaa baadaye: kwamba rubani anayesafiri mbali huishi au kufa kwa hesabu ya petroli, na kwamba kilo moja isiyo ya lazima ndani ya ndege ni kilo moja ya petroli iliyoachwa nyuma.

Tuzo ya Orteig

Mwaka 1919 Raymond Orteig, Mfaransa aliyekuwa na hoteli mjini New York, alitangaza tuzo ya dola 25,000 kwa atakayeruka bila kutua kati ya New York na Paris, kutoka upande wowote. Muda wa miaka mitano aliouweka ulipita bila mtu kufanikiwa, akauongeza. Kufikia mwaka 1926 injini zilikuwa zimeboreshwa, na mashindano yakaanza kwa nguvu.

Umbali huo uligharimu maisha ya watu kabla haujavukwa. Septemba 1926 ndege yenye injini tatu ya Mfaransa René Fonck, iliyopakiwa mzigo kupita kiasi, ilishindwa kupaa New York ikawaka moto; wenzake wawili walikufa. Tarehe 26 Aprili 1927 Wamarekani Noel Davis na Stanton Wooster walikufa katika ruko la mwisho la majaribio. Tarehe 8 Mei 1927 Wafaransa Charles Nungesser na François Coli waliondoka Paris kuelekea New York, na hawakuonekana tena. Hivyo watu sita walikuwa wamepoteza maisha Lindbergh alipofika New York siku chache baadaye.

Ndege

Lindbergh alitoa dola 2,000 za akiba yake, na wafanyabiashara wa St. Louis wakamdhamini kwa fedha zilizobaki. Ndiyo sababu ndege yake iliitwa Spirit of St. Louis. Kampuni moja ilikuwa tayari kumwuzia ndege iliyokwisha kuundwa, lakini ilitaka yenyewe imchague rubani, akakataa. Mwishoni mwa Februari 1927 aliagiza ndege kwa kampuni ndogo ya Ryan huko San Diego, California. Mhandisi Donald Hall aliisanifu kwa kushauriana naye kila siku, na baada ya miezi miwili ilikuwa tayari. Ilijaribiwa angani kwa mara ya kwanza tarehe 28 Aprili.

Ilikuwa na injini moja yenye nguvu ya farasi 223 na mabawa yenye upana wa mita 14. Washindani wake wengi walitumia injini mbili au tatu wakiamini ni salama zaidi. Lindbergh alihesabu kinyume: ndege yenye mzigo mzito ikipoteza injini moja kati ya tatu juu ya bahari isingefika popote, kwa hiyo injini tatu zilimaanisha nafasi tatu za kuharibikiwa.

Ndege ilibeba takriban lita 1,700 za petroli, ambazo Hall alikadiria zingetosha kwa zaidi ya km 6,400. Tangi kubwa liliwekwa mbele ya rubani ili lisimponde ndege ikianguka. Kwa sababu hiyo hakuweza kuona mbele moja kwa moja. Alitazama kupitia madirisha ya pembeni na periskopi ndogo. Aliacha redio na parachuti, akakalia kiti chepesi cha kusukwa, na hata ramani zake alizikata kingo zisizohitajika.

Kupima umbali

Kabla ya Hall kuanza kuchora, swali la kwanza lilikuwa hili: kutoka New York hadi Paris ni mbali kiasi gani? Lindbergh na Hall walikwenda katika maktaba ya umma ya San Diego, wakatandaza uzi juu ya tufe la Dunia kati ya miji hiyo miwili na kuupima. Walipata maili 3,600 hivi, yaani takriban km 5,800. Kipimo hicho rahisi kilikuwa karibu sana na kile cha kitaalamu kilichotumika baadaye katika kumbukumbu za rekodi.

Sababu ya kutumia tufe badala ya ramani ya ukutani ni kwamba Dunia ni ya mviringo na ramani ni bapa. Ramani nyingi za mabaharia huchorwa kwa namna iliyobuniwa na Gerardus Mercator mwaka 1569. Katika ramani hizo, mstari ulionyooka huonyesha mwelekeo mmoja wa dira ambao nahodha anaweza kuufuata bila kuubadilisha mpaka afike. Faida yake ni urahisi. Hasara yake ni kwamba kwa kawaida njia hiyo si fupi kuliko zote. Njia fupi kabisa juu ya tufe hufuata duara kuu, yaani duara ambalo kitovu chake ni kitovu cha Dunia yenyewe. Uzi uliovutwa juu ya tufe hujipanga wenyewe kwenye njia hiyo.

Tofauti hiyo hutokana na kwamba mistari ya longitudo hukaribiana kadiri inavyoelekea kwenye ncha za Dunia. Kwenye Ikweta, digrii moja ya longitudo ina upana wa km 111 hivi. Kwenye latitudo ya digrii 52 kaskazini ni km 68 hivi tu. New York iko karibu na digrii 41 kaskazini, na Paris karibu na digrii 49. Rubani anayepanda kwanza hadi digrii 52, akipita Nova Scotia, Newfoundland na kusini mwa Ireland, huvuka mistari ya longitudo mahali ilipokaribiana. Kwenye ramani ya Mercator njia yake huonekana kama upinde na hudhaniwa kuwa ndefu, lakini ni fupi kwa zaidi ya km 200 kuliko mstari ulionyooka. Kwa ndege ya mwaka 1927 huo ulikuwa muda wa zaidi ya saa moja. Kwa safari fupi katika nchi zilizo karibu na Ikweta, kama zile za Afrika Mashariki, tofauti hiyo karibu haionekani.

Njia ya duara kuu ina ugumu wake: mwelekeo hubadilika muda wote. Anayetoka New York huanza akielekea kaskazini-mashariki, na hufika Paris akielekea kusini-mashariki. Lindbergh alinunua ramani za baharini, ikiwemo ya aina ambayo duara kuu huonekana kama mstari ulionyooka. Alizihamisha nukta za njia kutoka ramani hiyo kwenda ramani ya Mercator, akaziunganisha kwa mistari mifupi ya maili 100 kila mmoja, yaani km 160 hivi, umbali ambao ndege yake ingeumaliza kwa saa moja. Penye kila nukta aliandika mwelekeo mpya wa dira, akisahihisha tofauti kati ya kaskazini ya kweli na kaskazini ya sumaku. Ili kuhakiki, alikokotoa sehemu ya njia kwa trigonometria. Alipoona majibu yanakubaliana na mistari yake, aliridhika.

Safari

Tarehe 20 Mei 1927, saa 1:52 asubuhi, Lindbergh aliondoka katika uwanja wa Roosevelt Field, Long Island. Hakuwa amelala usiku uliotangulia. Uwanja ulikuwa umelowa kwa mvua, na ndege ilikuwa na uzito wa zaidi ya tani mbili, zaidi ya nusu yake ikiwa petroli. Ilipaa kwa shida, ikapita juu ya nyaya za simu zilizokuwa mwisho wa uwanja kwa mita chache tu.

Alifuata pwani hadi Nova Scotia, na baada ya saa 11 hivi alipita juu ya mji wa St. John's, Newfoundland. Alishuka makusudi ili watu waione ndege yake na kutoa habari, kwa kuwa baada ya hapo kulikuwa na bahari tupu na usiku. Hakuwa na njia ya kujua mahali alipo isipokuwa dira, saa na kasi, pamoja na kukisia upepo kwa kutazama mawimbi ilipowezekana. Kosa dogo la mwelekeo, likiachwa kwa saa nyingi, lingeweza kumpeleka kando ya shabaha kwa mamia ya kilomita.

Usiku aliingia katika mawingu yenye barafu, na barafu ilipoanza kuganda juu ya mabawa aligeuza ndege akayazunguka. Adui mkubwa zaidi alikuwa usingizi. Aliacha madirisha wazi ili baridi imwamshe, na wakati mwingine aliruka chini sana juu ya maji. Baadaye aliandika kwamba katika saa hizo aliona vivuli vya watu ndani ya ndege, kwa sababu ya uchovu.

Katika saa ya 27 aliona mashua za wavuvi. Muda mfupi baadaye aliiona nchi kavu, akailinganisha na ramani, akatambua ghuba ya Dingle, kusini-magharibi mwa Ireland. Alikuwa kando ya mstari wake kwa km 5 hivi tu, na mbele ya ratiba kwa takriban saa mbili, kwa kuwa upepo ulikuwa umemsukuma kutoka nyuma.

Kutoka hapo alipita kusini mwa Uingereza, akavuka mlango wa bahari hadi Cherbourg, Ufaransa, na kufika juu ya Paris usiku. Alitua katika uwanja wa Le Bourget tarehe 21 Mei, saa 4:22 usiku kwa saa za huko. Umati unaokadiriwa kuwa watu 150,000 ulivunja uzio na kuizunguka ndege. Katika matangi mlikuwa bado na petroli ya zaidi ya lita 300.

Rekodi yake ya umbali haikudumu. Wiki mbili baadaye Clarence Chamberlin, akiwa na abiria mmoja, aliruka kutoka New York hadi Eisleben, Ujerumani, takriban km 6,290.

Umaarufu na familia

Lindbergh, aliyekuwa na umri wa miaka 25, alipata umaarufu mkubwa mno. Alipewa nishani nyingi, akazuru majimbo yote 48 ya Marekani ya wakati ule kwa ndege yake. Desemba 1927 aliruka bila kutua kutoka Washington hadi mji wa Mexico, na huko akakutana na Anne Morrow, binti wa balozi wa Marekani. Walioana mwaka 1929. Anne alijifunza urubani na kutumia redio, na baadaye akawa mwandishi mashuhuri. Pamoja walipima njia za safari za ndege za baadaye: mwaka 1931 walipitia Kanada na Alaska hadi Japani na China, na mwaka 1933 waliizunguka Atlantiki wakipita Greenland, Iceland, Ulaya na Afrika Magharibi.

Tarehe 1 Machi 1932 mtoto wao wa kwanza, Charles mdogo, mwenye umri wa miezi 20, aliibwa kitandani katika nyumba yao karibu na Hopewell, New Jersey. Fidia ya dola 50,000 ililipwa, lakini tarehe 12 Mei mwili wa mtoto ulikutwa karibu na nyumba. Bruno Richard Hauptmann alihukumiwa kwa kosa hilo na kuuawa mwaka 1936. Kutokana na tukio hilo Marekani ilitunga sheria iliyofanya utekaji wa mtu na kumvusha mpaka wa jimbo kuwa kosa la serikali kuu. Wakisumbuliwa na waandishi wa habari, Lindbergh na familia yake walihamia Uingereza mwishoni mwa 1935.

Siasa na Vita Kuu ya Pili ya Dunia

Kati ya 1936 na 1938 Lindbergh alizuru Ujerumani mara kadhaa na kuvutiwa na nguvu ya jeshi lake la anga. Oktoba 1938 alipokea nishani kutoka kwa Hermann Göring, na hakuirudisha hata baada ya mashambulio dhidi ya Wayahudi ya mwezi uliofuata. Aliporudi Marekani alikuwa msemaji mkuu wa kamati ya America First, iliyopinga nchi hiyo kuingia vitani. Katika hotuba yake mjini Des Moines tarehe 11 Septemba 1941 aliwashutumu Waingereza, Wayahudi na serikali ya Rais Franklin Roosevelt kuwa ndio wanaoisukuma Marekani vitani. Hotuba hiyo ililaaniwa nchini kote, na sifa yake haikupona kamwe kikamilifu. Maandishi yake ya miaka hiyo yanaonyesha pia kwamba aliamini ubora wa watu wa asili ya Ulaya.

Baada ya shambulio la Pearl Harbor aliomba kurudi jeshini akakataliwa. Alifanya kazi kama mshauri wa viwanda vya ndege, na mwaka 1944 alikwenda Pasifiki akiwa raia, akashiriki katika takriban safari 50 za mapigano. Huko aliwafundisha marubani vijana kupunguza mizunguko ya injini ili kuokoa mafuta, na kwa njia hiyo ndege zilezile ziliweza kufika mbali zaidi na kurudi salama.

Miaka ya mwisho

Mwaka 1953 alitoa kitabu kuhusu safari ya Paris, kilichompatia Tuzo ya Pulitzer mwaka 1954. Mwaka huohuo Rais Dwight Eisenhower alimrudisha katika jeshi la akiba kwa cheo cha brigedia jenerali.

Katika miaka ya 1960 alijishughulisha na hifadhi ya wanyama, hasa nyangumi. Alitembelea Kenya na kukaa miongoni mwa Wamasai, na baada ya hapo aliandika akihoji kama maendeleo ya mitambo, aliyoyatumikia maisha yake yote, yalikuwa kweli yanamfaidi binadamu. Alipinga pia ndege za abiria zinazoruka kwa kasi kuliko sauti.

Alikufa kwa saratani tarehe 26 Agosti 1974 katika kisiwa cha Maui, Hawaii, akazikwa huko Kipahulu. Mbali na watoto sita aliozaa na Anne, alikuwa na watoto wengine barani Ulaya aliowaficha. Baadhi yao walithibitishwa kwa vipimo vya DNA mwaka 2003.

Urithi

Ndege yake, Spirit of St. Louis, imehifadhiwa katika Makumbusho ya Taifa ya Anga mjini Washington. Leo ndege za abiria huruka kutoka New York hadi Paris kwa muda wa saa 7 hivi. Hufuata njia inayokaribiana na duara kuu, zikibadili kidogo kulingana na upepo, na ndiyo sababu abiria kwenye njia hiyo huona ndege ikielekea kwanza Kanada ingawa Paris iko mashariki.